Chupa Moja Haitoshi

Shule zikifungwa Desemba, familia za Nairobi, Arusha na Dodoma huanza kupanga safari ya baharini: Diani, Malindi, Bagamoyo, Nungwi. Nauli hupigiwa hesabu, vyumba hupigiwa hesabu, hata maji ya kunywa njiani. Losheni ya jua hukumbukwa mwisho kabisa, chupa moja ndogo ya watu wanne, na ikirudi nyumbani imebaki nusu, mwenye hela hufurahi kwamba ameshapata ya safari ijayo. Chupa hiyo inamwambia jambo jingine: hakuna aliyepaka ya kutosha.

Kwa hiyo, kabla ya kuuliza losheni ipi ni nzuri, uliza itaingia kiasi gani. Ile namba ya SPF iliyoandikwa kwenye chupa hupatikana maabara kwa kupaka miligramu 2 kwenye kila sentimita moja ya mraba ya ngozi. Ukipeleka kipimo hicho kwenye mwili mzima wa mtu mzima, unapata mililita 30 hadi 35, zaidi kidogo ya nusu ya kikombe kile cha kahawa chungu ya barazani. Mtoto wa miaka sita anahitaji kama nusu yake. Ukipaka nusu ya kiasi hicho, kinga nayo hushuka kwa nusu au zaidi, na wengi wetu hatufikishi hata nusu. Mtu anaponunua SPF 50 akaitandaza kama mafuta ya mgando baada ya kuoga, amelipia namba ambayo ngozi yake haikuipata.

Sasa chukua baba, mama na watoto wawili, wote wamevaa nguo za kuogelea tu. Mkipaka mara moja, zimekwenda mililita 90. Losheni hurudiwa kila baada ya saa mbili, na tena mtu anapotoka majini na kujifuta kwa taulo. Tuseme mnapaka mara tatu kwa siku, ambayo si nyingi: mililita 270. Kwa siku nne ni zaidi ya lita moja, yaani chupa tano za mililita 200 na bado haijatosha. Sijui familia inayonunua chupa tano.

Lakini wavalishe watu hao hao. Watoto wavae fulana za kuogelea za mikono mirefu na kaptula zinazofika magotini, baba avae shati jepesi, mama ajifunge leso na kujitanda nyingine, kila mmoja na kofia ya ukingo mpana. Kinachobaki wazi ni uso, masikio, shingo, viganja na miguu ya chini. Mtu mzima atatumia kama mililita 10, mtoto 5. Familia nzima 30 kwa mara moja, 90 kwa siku, 360 kwa siku nne. Chupa mbili za mililita 200 zinawatosha na chenji inabaki. Ndiyo maana nasema hela ya kwanza iende kwenye nguo na ya pili kwenye losheni. Fulana haihitaji kurudiwa kila saa mbili, haiingii machoni, na mdogo mtu ataivaa mwakani. Hata mitumbani hupatikana. Usidanganywe tu na fulana nyeupe ya pamba nyembamba: ikilowa inapitisha jua jingi kuliko unavyodhani. Iinue nguo kwenye mwanga. Ukiuona mkono wako upande wa pili, jua nalo litakuona. Rangi nzito na mfumo uliobana ni bora.

Wenyeji wa bara hudhani jua kali ni jua lenye joto. Joto na mionzi ni vitu viwili. Mombasa iko nyuzi 4 kusini mwa ikweta, Unguja nyuzi 6, na katika kipimo cha mionzi kinachotumiwa na Shirika la Afya Duniani, ambapo kuanzia 3 unashauriwa kujikinga na 11 ni kiwango cha hatari kubwa, adhuhuri ya pwani yetu hufika au kupita 11 sehemu kubwa ya mwaka. Kusi inapovuma Julai na upepo ukakupoza, hujisikii kuungua, nawe unazidi kukaa. Mawingu mepesi hupitisha mionzi mingi. Mchanga mkavu wa ufukweni hurudisha kama asilimia 15 ya mionzi, povu la bahari kama asilimia 25, kwa hiyo mwavuli wa makuti unakukinga kwa juu huku mwanga ukikufikia kwa pembeni. Nusu mita chini ya maji bado ipo asilimia 40 ya mionzi iliyopo juu. Anayeelea kifudifudi akitazama samaki huwa amewekea jua mgongo na mashavu ya miguu.

Nairobi je, yenye baridi yake? Mionzi huongezeka kwa kama asilimia 10 kila unapopanda mita 1,000, na jiji hilo liko mita 1,700 hivi juu ya usawa wa bahari. Mtoto aliyekaa karibu na dirisha la basi kutwa nzima kushuka Mombasa amekwisha kula jua kabla hajaiona bahari, maana kioo huzuia mionzi ya kuunguza lakini hupitisha sehemu kubwa ya ile inayotia madoa.

Kipimo cha bure ni kivuli chako. Kikiwa kifupi kuliko wewe, jua ni kali, jikinge. Kikiwa kirefu kuliko wewe, limeshapungua makali. Kwa pwani yetu kivuli huwa kifupi hivyo takriban saa tatu na nusu asubuhi mpaka saa tisa na nusu alasiri. Familia inayoingia majini alfajiri ikatoka saa tatu na nusu, ikarudi tena alasiri, itatumia losheni kidogo kuliko inayoamka saa nne na kwenda moja kwa moja mchangani. Maji nayo yana ratiba yake, kupwa na kujaa, na hapo mipango huvunjika: maji yakipwa adhuhuri, watoto wote wataenda kutembea mwambani kutafuta viti vya pweza, mahali pasipo na kivuli hata cha mnazi. Siku kama hiyo wavalishe viatu vya majini, fulana na kofia ya kamba, usitegemee chupa peke yake.

Kuna swali ambalo watu huliuliza kwa sauti ya chini: sisi weusi tunaihitaji kweli? Bibi zetu wamelima juani maisha yao yote. Swali ni halali, na majibu mengi yanayosambaa yametungwa kwa ajili ya ngozi nyeupe. Melanini, ile rangi ya asili ya ngozi, ni kinga ya kweli. Utafiti wa mwaka 1979 uliikadiria kinga ya asili ya ngozi nyeusi kuwa kama SPF 13, na ya ngozi nyeupe kama 3. Saratani ile mbaya ya melanoma, inapomtokea mtu mweusi, mara nyingi hujitokeza kwenye nyayo, viganja au chini ya kucha, mahali ambapo jua halihesabiwi kuwa chanzo. Bob Marley, aliyefariki mwaka 1981, yake ilianzia chini ya ukucha wa kidole cha mguu. Kwa hiyo muuzaji anayemtisha mama mweusi kwa saratani ili anunue losheni, mimi simsikilizi.

Hata hivyo tunaungua. Ngozi nyeusi haigeuki nyekundu kama embe bivu, ndiyo maana hatuoni. Inauma, inawasha, inakaza, kisha baada ya siku kadhaa inabambuka puani na mabegani. Watoto wana ngozi nyororo zaidi na hawajui kulalamika wakiwa kwenye mchezo. Na kwa watu wazima kero kubwa ni madoa: yale mabaka meusi ya mashavuni yanayowapata hasa wanawake wajawazito au wanaotumia vidonge vya uzazi wa mpango, na makovu ya chunusi yanayozidi kuwa meusi kila yakipigwa jua. Kwa madoa hayo, mwanga wa kawaida unaoonekana kwa macho nao huchangia, na losheni nyingi za wazi hazizuii mwanga huo. Inayosaidia ni ile yenye rangi ya udongo au kahawia, iliyotiwa oksaidi za chuma. Ikiwa mama ndiye mwenye madoa, mnunulie yake ya uso peke yake, na hiyo kubwa ibaki ya familia.

Ikiwa nyumbani kuna mtu mwenye ualbino, hesabu inabadilika kabisa, kwa sababu melanini ile haipo na saratani ya ngozi kwake ni hatari ya kweli kabla hata ya uzee. Yeye SPF 50, mikono mirefu, kofia pana na miwani, kila siku, likizo au si likizo. Kule Moshi, katika kituo cha mafunzo ya magonjwa ya ngozi kilichoko hospitali ya KCMC, ndiko ilikoanzia losheni ya Kilisun, iliyotengenezwa mahususi kwa watu wenye ualbino na kugawiwa bure. Nchini Kenya, Baraza la Kitaifa la Watu Wenye Ulemavu lina mpango wake wa kuwapatia losheni. Mjiandikishe mapema, msingoje safari.

Tufike dukani. SPF 30 huzuia kama asilimia 97 ya mionzi inayounguza, SPF 50 kama asilimia 98. Juu ya hapo unalipia zaidi namba. Mimi huchukua 50 kwa sababu moja tu: najua sote tutapaka kidogo kuliko inavyotakiwa, na ile ziada hufidia. Lakini chupa kubwa ya 30 ni bora kuliko chupa ndogo ya 50 inayopakwa kwa uchoyo.

SPF husema hasa habari ya mionzi ya UVB, ile ya kuunguza. Ile nyingine, UVA, inayopita kiooni na kuzeesha ngozi, ina alama zake. Chupa za Ulaya zina herufi UVA ndani ya duara. Za Marekani zimeandikwa "broad spectrum". Za Japani na Korea, ambazo siku hizi zimejaa mitandaoni, zina PA na alama za kujumlisha, nazo zikiwa nyingi ni bora. Pasipo alama yoyote kati ya hizo, irudishe rafuni. Angalia pia muda wa kustahimili maji. Marekani huruhusu kuandikwa dakika 40 au 80, na ilikataza neno la kudai kwamba losheni haiingii maji kabisa. Kwa watoto wasiotoka baharini, chukua ya 80.

Halafu kuna weupe. Losheni zenye zinki oksaidi au titani dioksaidi ni laini kwa ngozi ya mtoto na huwasha macho mara chache, ila kwenye ngozi nyeusi zaweza kukuacha kama umepakwa chokaa. Zile za kemikali hupotea ngozini vizuri, lakini jasho likizifikisha machoni, mtoto hatakubali tena kupakwa safari nzima. Usiamini maneno ya kibandiko kwamba haina weupe. Omba kupaka kidogo kwenye taya, toka nje ya duka kwenye mwanga wa jua, jitazame kwenye simu. Kijana wa miaka kumi na mitano akiona amekuwa wa kijivu hatapaka, hata umwambie nini, na losheni asiyoipaka haina SPF. Nionavyo, kwa familia ya kwetu panafaa vitu viwili: chupa kubwa yenye pampu, ya kemikali au ya mchanganyiko, kwa ajili ya miili, na kijiti kigumu cha zinki kwa nyuso za watoto, hasa kuzunguka macho na juu ya pua. Kijiti hakimwagiki kwenye begi na mtoto wa miaka saba anaweza kujipaka mwenyewe, ukimsimamia akapitisha mara tatu nne mahali pale pale.

Ya kupuliza siipendi ufukweni. Upepo wa bahari huipeleka kwa jirani, mtoto huivuta puani, na inayobaki ngozini ni utando mwembamba ambao bado unatakiwa kusuguliwa kwa mkono. Kama tayari umeinunua, pulizia kiganjani kwanza, kisha paka.

Jambo dogo linalowagombanisha watu hotelini ni madoa ya nguo. Kiambato kiitwacho avobenzoni kikikutana na maji yenye chuma, na visima vingi vina chuma, huacha alama za rangi ya kutu kwenye kitambaa cheupe. Ukiloweka kwa dawa ya klorini ndiyo unazidisha. Kanzu ya Ijumaa ikae mbali na chupa, na shuka nyeupe za wenyewe nazo zionewe huruma.

Kuhusu matumbawe: Hawaii ilipiga marufuku kuanzia Januari 2021 kuuza bila cheti cha daktari losheni zenye oksibenzoni na oktinoksati, na Palau ilitangulia mwaka 2020 kwa orodha ndefu zaidi. Wanasayansi bado wanabishana juu ya ukubwa wa madhara ya viambato hivyo kwa matumbawe ukilinganisha na joto la bahari. Ukienda kwenye miamba ya Mnemba au Kisite, chagua isiyo na viambato hivyo viwili ukiipata, lakini fulana itaisaidia miamba zaidi, kwa kuwa losheni ambayo hukuipaka haiogi baharini.

Nunua mahali penye kivuli. Chupa iliyopangwa kwenye meza juani, au dirishani mwa duka, imeshapikwa. Tazama tarehe ya mwisho wa matumizi, tafuta alama ya ubora ya KEBS (Kenya) au TBS (Tanzania), na ukikuta losheni inayodai kukinga jua na papo hapo kukung'arisha rangi, kimbia: ndani yake huenda mna mkorogo, wenye haidrokwinoni au zebaki, unaoinyang'anya ngozi ile kinga yake ya asili na kuiacha iungue zaidi. Mafuta ya nazi ni mazuri kwa nywele na kwa ngozi ya jioni. Kinga yake ya jua ni ndogo mno kutegemewa. Kwa safari za ndege za kimataifa, chupa ya kwenye begi la mkononi isizidi mililita 100. Kubwa iingie kwenye sanduku.

Mtoto aliye chini ya miezi sita hapakwi losheni. Yeye ni kivuli, nguo nyepesi, kofia na ziwa la mama.

Pakaneni chumbani, dakika 15 hadi 20 kabla ya kutoka, kabla nguo za kuogelea hazijavaliwa ili pindo zisiache mistari. Mahali panaposahaulika panajulikana: juu ya masikio, kisogo, nyuma ya magoti, juu ya nyayo, midomo. Msichana aliyesukwa nywele ana mistari ya kichwa iliyo wazi juani, na inauma usiku. Kofia au kitambaa ni bora kuliko kumpaka losheni kwenye nywele. Saa ya kurudia ni rahisi kwa wenye kuswali: udhu hupita usoni, mikononi na miguuni, pale pale penye losheni, basi mkimaliza adhuhuri chupa izunguke, na alasiri izunguke tena. Wengine wapake kila chakula au matunda yanapoletwa. Chupa yenyewe isiachwe garini wala mchangani. Iviringishe kwenye leso yenye unyevu, au iweke kwenye kasha la barafu pamoja na soda.

Jioni mbu wakitoka, dawa ya mbu hupakwa juu ya losheni iliyokauka, si chini yake. Zile zilizochanganya vyote viwili ziache, kwa sababu losheni hurudiwa mara nyingi na dawa ya mbu haitakiwi kurudiwa hivyo. Na ndugu wanaokuja likizo kutoka Ulaya au Marekani wakiwa wanameza doksisaiklini kujikinga na malaria, waambiwe kwamba dawa hiyo huifanya ngozi iungue upesi. Wao wakae kivulini zaidi ya wenyeji wao.

Mtu akiungua licha ya yote, mtoe juani, mwogeshe maji ya baridi ya kawaida yasiyo ya barafu, mnyweshe maji mengi, mpe parasetamoli kwa kipimo cha umri wake. Mshubiri safi au losheni nyepesi isiyo na manukato hutuliza. Dawa ya meno, yai na mafuta ya mgando hapana. Mafuta mazito hufungia joto ndani. Malengelenge usiyapasue. Akipata homa, akatapika au akalegea, au akiwa ni mtoto mchanga, mpelekeni kituo cha afya siku hiyo hiyo.